Aliyenyimwa Nafasi Mashuani

Somo la wiki: Marko 5:18–20



Katika sura ya tano ya Injili ya Marko watu wanamsihi Yesu mmoja baada ya mwingine. Pepo wanamsihi awaache wawaingie nguruwe, naye anawaruhusu. Wenyeji, wakiisha kuona nguruwe wao wamezama ziwani, wanamsihi aondoke mipakani mwao, naye anarudi mashuani. Yairo anamsihi aje kumwekea binti yake mikono, na Yesu anafuatana naye. Katika sura nzima aliyeomba akakataliwa ni mmoja tu, na ni yule ambaye ungedhani angepewa upesi kuliko wote. Ndiye aliyekuwa na hao pepo, akiishi makaburini katika nchi ya Wagerasi. Alifungwa minyororo akaikata, alijikata mwili kwa mawe. Sasa ameketi, amevaa nguo, akili zake zimemrudia, na anataka jambo moja tu: apande mashua aondoke pale. Yesu anamwambia hapana, arudi nyumbani kwa watu wake akawasimulie.

Tangu nirudi kutoka Ujerumani siwezi kulipita neno hili bila kusimama, kwa sababu ya swali ninaloulizwa kila mahali. "Pasta, kwa nini umerudi?" Ameniuliza mama anayeuza samaki soko la Sangano. Ameniuliza kondakta wa taksi pale Mbarara, ambaye hata hatujuani vizuri. Mashemasi wawili wameniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna habari mbaya niliyowaficha. Hawaulizi kwa ubaya. Wanaona mtu aliyefika mahali ambapo wao wameomba miaka na miaka kufika, kisha akarudi kupanga foleni ya maji pamoja nao, na wanataka kuelewa.

Kuondoka kwetu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, kuna desturi zake. Kesi ya kuhamishiwa nchi nyingine inafunguliwa, intavyuu inafanyika, afya inapimwa, tarehe inatoka. Majirani wanakesha wakiimba, wazee wanaweka mikono juu ya watoto, na asubuhi basi linaondoka, baba ameukumbatia ule mfuko wenye karatasi zote za familia. Kila mmoja anajua afanye nini na alie wakati gani. Anayerudi hatuna wimbo wake. Nakivale imekuwa ikipokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950, walipokuja Wanyarwanda wa kwanza. Leo tuko zaidi ya 150,000, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine, na wengi wetu tumefika hapa tukikimbia, wengine tumezaliwa hapahapa. Mtu wa kuja Nakivale kwa hiari yake, akiwa na begi na tiketi, ni jambo ambalo macho yetu hayajalizoea.

Hati niliyosafiria si pasi ya Kongo wala ya Uganda. Ni ile anayopewa mkimbizi kwa Mkataba wa 1951, na inaniruhusu kwenda nchi zote isipokuwa ile niliyoikimbia. Nilikaa na ukurasa unaosema hivyo mkononi pale uwanja wa ndege wa Entebbe, nikaurudia mara kadhaa. Lakini nyongeza ya mkataba huohuo ina kifungu ambacho wengi wetu hatujakisikia: nchi iliyotoa hati inajifunga kumpokea tena mwenye hati wakati wowote, maadamu muda wake haujaisha. Mimi ni mtoto wa Fizi, kule Kongo. Mlima wa babu zangu siwezi kuugonga hodi, ila Uganda imeahidi kwa maandishi kunifungulia mlango. Huwa tunamshukuru Mungu kwa mahindi na kwa mvua. Tumshukuru pia kwa kifungu hicho, na tuwaombee walio na kazi ya kukitimiza.

Nilisafiri peke yangu. Kwa sisi tuliokimbia kwa makundi, tukihesabiana gizani kila baada ya mto, kusafiri peke yako ni kitu kigeni mwilini kabla hakijawa kigeni akilini. Basi la Mbarara kwenda Kampala niliwahi kulipanda, lakini kila mara kulikuwa na mgonjwa wa kusindikiza au mwenzangu wa kanisani. Safari hii kiti cha pembeni kilikuwa na mtu nisiyemjua, amelala. Lukaya wauzaji wakatuinulia kuku na gonja madirishani, Kayabwe tukavuka ikweta watu wakisinzia, na nikaona ninatafuta mtu wa kumwambia, "Umeona?"

Huko nilikofikia ni Wuppertal, mji ulioko bondeni, ambao treni yake inaning'inia kwenye reli juu ya mto tangu 1901. Kanisa la huko lilinialika kwa masomo. Nisiwafiche: siku za kwanza sikuhisi upweke, nilihisi pumziko. Hapa siwezi kufika kisimani bila kuitwa mara tatu, na kila mwito una msiba au njaa ndani yake. Kule nilipanda ile treni nikakaa dirishani, hakuna aliyejua kwamba mimi ni mchungaji, hakuna aliyenihitaji. Watumishi wengi wa kambi hii wamechoka kupita kiasi na hawana ruhusa ya kusema hivyo. Nayasema hapa ili waumini wawaruhusu wachungaji wao walale, hata siku moja kwa mwezi, bila kuwatumia ujumbe.

Kisha Jumapili moja mchana nilipika wali, nikakaa mezani, na hapakuwa na mtu wa kumwambia karibu. Nikaomba kabla ya kula. Sala yangu ilikuwa fupi mno, mimi ninayejulikana kwa sala ndefu, nikatambua ni sehemu gani ya sala zangu huwa ni kwa ajili ya masikio ya watu. Hilo nadhani ndilo Mungu alilokuwa akiwaonyesha Yakobo kule Betheli na Eliya kule Horebu, kila mmoja akiwa hana mwenzake. Walipokwisha kusikia, hakuna aliyebaki kujenga nyumba palepale. Eliya aliambiwa arudi kwa njia aliyoijia.

Ndugu mmoja wa kwetu, aliyepita Nakivale miaka ya nyuma, alinialika kwake. Mkewe alipika sombe iliyotoka kwenye friza. Ndugu huyo anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, watoto wanasoma, karatasi zote anazo, na simwonei huruma, kwa maana Mungu amemtendea mema. Ila jioni nzima hakuniuliza jambo lolote kubwa. Aliuliza kama pampu ya maji ya karibu na kwao bado inafanya kazi. Nani anafundisha watoto shule ya Jumapili sasa. Yule mzee wa Kirundi anayetengeneza baiskeli bado yupo? Njia ya kwenda ziwani inapitika wakati wa mvua? Alitaka siku za kawaida, hizi ambazo sisi tunazihesabu kuwa si maisha, ni kungoja tu maisha yaanze. Nilimjibu kila swali, na yale nisiyoyajua nilimpigia mke wangu hapa New Congo tukamuuliza.

Mji ule wa Wuppertal ndimo ilimo Barmen, ambako Mei 1934 wachungaji na waumini walikutana na kutangaza kwamba kanisa lina Bwana mmoja, Yesu Kristo, na kwamba mtawala yeyote wa dunia hawezi kukaa mahali pake. Dietrich Bonhoeffer hakuwapo kwenye mkutano ule. Alikuwa akichunga kanisa London. Lakini alisimama upande wao. Juni 1939 marafiki walimtoa Ujerumani wakampeleka New York, apate usalama na kazi ya kufundisha. Hakutulia. Vita vikikaribia, akarudi kwa meli Julai, baada ya wiki chache tu. Aprili 1945 utawala wa Hitler ukamnyonga kule Flossenbürg.

Nimesikia habari zake zikihubiriwa kwa namna inayonisumbua, kana kwamba kila anayebaki Ulaya au Marekani amemkimbia Mungu. Sivyo. Bonhoeffer alikuwa na nchi ya kurudi na tiketi ya kuchagua. Mama aliyewakimbia wauaji kule Masisi hadaiwi na mtu yeyote kurudi popote.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi wiki hii.

Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani, Donald Trump, alisaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa wamekwisha kupewa tarehe za ndege wakaambiwa safari zimefutwa. Mnazijua familia hizo, ziko kwenye mabenchi yetu. Na nimesikia kwa masikio yangu ndugu akiwafariji kwa kusema, "Mungu akifunga mlango, ana sababu." Nawasihi, msiseme hivyo tena. Mlango huo ulifungwa kwa kalamu ya mtu. Yesu alipomkatalia yule wa Gerasi alimtazama, alizungumza naye, na alimpa mambo mawili mkononi mwake: watu wa kuwaendea na neno la kuwaambia. Hawa wetu hawakutazamwa na mtu. Walipewa tarehe, kisha tarehe ikaondolewa. Kumtwika Mungu uamuzi ule ni kumsingizia.

Tena fikirini wamerudi kwenye nini, wakati hata hawakuondoka. Mwenye safari hauzi kwa bei nzuri. Wiki mbili kabla ya ndege, mbuzi anakwenda kwa nusu, godoro linakwenda kwa bei ya mkeka, mabati yanang'olewa na kuuzwa kwa yeyote mwenye pesa taslimu siku hiyo. Shamba tulilopewa kulima si letu kuuza, kwa hiyo wanamwachia jirani. Watoto wanatolewa shule. Halafu linakuja neno la kufutwa, na familia inalala chini ya turubai ikitazama mabati yake juu ya nyumba ya mwingine, ng'ambo ya njia. Tangu 2023 chakula cha msaada kimepunguzwa zaidi, na wako waliotolewa kabisa kwenye orodha. Wataanzia wapi?

Aliyenunua hakuiba, hilo nalikubali. Lakini sisi tunasoma Mambo ya Walawi, sura ya 25, ambapo Mungu anamwekea Mwisraeli aliyeuza kwa sababu ya uhitaji haki ya kukomboa alichouza, na ndugu wa karibu wana wajibu wa kumsaidia kukikomboa. Kwa hiyo naomba, na ninaomba kwa uzito wote wa kazi niliyopewa: wewe uliyenunua mabati, baiskeli, cherehani au mbuzi wa familia ambayo safari yake ilifutwa, uwarudishie kwa bei ileile uliyonunulia, walipe kidogokidogo. Wewe uliyeachiwa shamba, vuna ulichopanda, ukiisha kuvuna warudishie. Mbuzi amezaa? Mtoto ni wako, mama arudi. Mkishindwa kupatana, wazee watakaa nanyi.

Nimejibu swali la "kwa nini umerudi" kwa namna nyingi, kulingana na anayeuliza. Mke wangu yuko hapa. Watoto wako hapa. Visa yangu ilikuwa na mwisho, nami nilitoa ahadi. Yote ni kweli. Lakini liko lingine nililoliona asubuhi niliporudi, taksi ilipoacha lami ya Isingiro na kuingia njia ya vumbi kati ya mashamba ya matoke. Abiria mwenzangu, mama wa Kinyankole mwenye kuku wawili kwenye kikapu, aliniuliza ninatoka wapi. Nikasema Ujerumani. Akauliza, "Ulikwenda kuzika?" Nikasema hapana, nilikwenda kusoma. Akasema, "Sasa utatufundisha nini?" Sikuwa na jibu tayari, na hadi leo swali lake naliona bora kuliko yote niliyoulizwa. Hakushangaa kwamba nimerudi. Alidhani mtu akirudi amekuja na kitu kwa ajili ya wengine.

Yule wa Gerasi alikuwa nacho. Marko anasema alikwenda akaanza kutangaza katika Dekapoli, ile miji kumi ambayo wengi wa wakazi wake hawakuwa Wayahudi. Baada ya sura mbili Yesu anapita tena Dekapoli. Mara ya kwanza watu wa upande ule walimsihi aondoke. Safari hii wanamletea kiziwi asiyesema vizuri na kumsihi amwekee mkono. Marko hatuambii nani aliwabadilisha, lakini tunajua nani alibaki kule, akisimulia kwa watu waliomwona uchi makaburini, waliomfunga minyororo kwa mikono yao wenyewe. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kupanda mashua, na ninyi mliobaki hapa mmeifanya siku zote hizi: mama anayefundisha watoto wa mataifa manne chini ya mti mmoja, kijana anayepeleka wagonjwa wa majirani hospitali kuu ya Mbarara na kuwatafsiria Kinyankole bila kudai shilingi, wazee wanaopatanisha nyumba usiku. Mmeifanya bila hati na bila kualikwa na mtu.

Jumatano saa kumi jioni tutakutana kanisani. Wazee watakuwa na daftari lenye kurasa mbili: upande mmoja familia zilizofutiwa safari na vitu walivyouza, upande mwingine waliovinunua. Mnunuzi aje mwenyewe kuandika jina lake, hatutamwandikia mtu. Wanaojua kuezeka waje na nyundo, maana nyumba ya kwanza tutaianza jioni hiyohiyo kabla giza halijaingia.