Ng'ombe Mlangoni pa Kanisa

Twendeni Bugwema, upande wa Musoma. Mkoa wa Mara una madhehebu mengi: wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati mwaka 1934, Wasabato wamo tele, nasi Wakatoliki tuna Jimbo la Musoma tangu mwaka 1957. Siku ya ibada kila mtu hushika njia yake. Lakini binti anapoposwa, wote huketi baraza moja na kuhesabu ng'ombe kwa lugha moja.

Mahari si dhambi. Ni heshima ya koo mbili, wala hatuipigi vita. Taabu huanza pale baba, tena mwenye rozari mkononi, akatazapo ndoa ya kanisani mpaka ng'ombe wa mwisho aingie zizini. Miaka hupita. Wawili hao huishi pamoja na kuzaa, na kila Dominika mama yule hubaki kitini wenzake wakiiendea Ekaristi Takatifu. (Mume naye hubaki, ila yeye haulizwi na mtu.) Katika ng'ombe wote waliotajwa, mama huyo hana hata mmoja aliye wake.

Kanuni ya 1057 ya Sheria za Kanisa yafundisha kwamba ridhaa ndiyo ifanyayo ndoa, wala hakuna mamlaka ya kibinadamu iwezayo kushika nafasi yake. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa kwa kuwa mahari haijalipwa.

Basi, baba mpendwa, deni mdai mkweo. Nawe wiki hii mpigie hodi katekista, matangazo ya ndoa ya binti yako yaandikwe.