Ajali Haina Kinga?

Nilipoacha chuo, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kibarua katika karakana moja ya vyuma hapa Nairobi. Kulikuwa na mashine moja ya haidroliki iliyofanya kazi ya mashine tano: huku inatoboa mashimo, kule inakata vyuma bapa, kwingine anglayini, kwingine nondo, na pembeni inachonga kona. Nguvu yake ni tani 50, na wewe unakanyaga pedali tu. Shimo ambalo drili ingelihangaikia, hii inalipiga kwa sekunde moja.

Sehemu ya kutoboa ilikuwa na kinga, kizuizi cha chuma kinachozuia vidole visifike chini ya patasi. Siku moja ikaja oda ya vyuma vilivyokunjwa, vikagoma kupita hapo. Fundi mkuu akaniambia, "Hebu toa hiyo kitu, tutairudisha jioni." Nikashika spana, nikaifungua, nikaitundika kwenye msumari ukutani.

Jioni hatukuirudisha. Wiki mbili baadaye, mwenzangu alipoteza ncha ya kidole.

Karakana nzima ikasema ajali haina kinga. Mimi nikatazama ukutani. Hii ilikuwa nayo, si ile pale imening'inia!

Basi kosa ni la nani? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine zizibwe, na mzigo huo inamtwika kwanza mwenye karakana. Nakubali. Yeye ndiye aliyehesabu oda, na faida ilikuwa yake. Mimi nilikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku, na kila asubuhi getini kulikuwa na vijana wakingoja nafasi yangu. Ukikataa, unaenda nyumbani.

Kwa muda mrefu jibu hilo lilinitosha. Siku hizi halinitoshi. Njaa inaeleza kwa nini niliifungua. Haielezi kwa nini nilipita pale siku zote hizo, nikaiona, nisimwambie hata yule aliyekuwa akikanyaga pedali, "Bro, chunga, hapa hakuna kitu." Maneno hayo yasingenifukuzisha kazi. Nilitumwa kufungua, sawa, lakini hakuna aliyenituma ninyamaze.

Mwenzangu tunasalimiana hadi leo. Hajui nani alishika spana, wala hajawahi kuuliza. Sina pesa za kumfidia, na kidole hakirudi. Nadhani pa kuanzia ni kumwambia.