Kelele za Chombo Chenyewe

Nyani haoni kundule. Methali hii niliifundisha kwa miaka mingi tangu nilipotoka chuo cha ualimu, lakini maana yake nilifundishwa uzeeni na vijana wawili waliokuja huku kwetu Lushoto kuweka chombo cha kupimia mitetemo ya ardhi.

Vyombo hivyo si vigeni katika nchi yetu. Mwaka 1994 na 1995 wataalamu waliweka vituo 20 hapa Tanzania, kimoja kikiwa Hale, chini ya milima yetu ya Usambara. Lakini mimi nilikuwa sijapata kuona kazi yenyewe.

Nilidhani watachimba shimo, watatia chombo na kwenda zao. Sivyo. Walichagua mahali penye mwamba, mbali na njia, mashine ya kusaga na miti mirefu, kwa kuwa upepo ukitikisa mti, mizizi nayo hutikisa ardhi. Kisha waliweka vyombo viwili ubavu kwa ubavu juu ya saruji moja, wakavifunika, wakaviacha usiku kucha. Nikauliza sababu.

"Mzee," akasema mmoja, "ardhi iliyo chini yao ni moja. Kinachoandikwa na vyote viwili ni cha ardhi. Kinachoandikwa na kimoja peke yake ni kelele zake chenyewe."

Akanieleza kuwa ndani mna uzito unaoshikwa na springi. Ardhi ikisogea, uzito hubaki nyuma kidogo, na tofauti hiyo hugeuzwa kuwa umeme. Lakini hata ardhi ikitulia, chombo hakikosi mnong'ono wake. Asiyeujua mnong'ono huo ataisingizia ardhi.

Neno hilo lilinirudisha mwaka 1987. Nilikuwa mwalimu mkuu. Fedha za kabichi za shamba la shule zilipungua, na shahidi mmoja akamtaja mvulana fulani. Mvulana huyo alikuwa na tabia ya kunitazama usoni nilipomkemea, nami sikuipenda. Nilimfukuza siku ile ile. Baada ya wiki mbili fedha zilionekana: zilikuwa zimeandikwa katika daftari jingine. Nilipanda hadi kwao kumrudisha. Mama yake alinipa kiti, akasema, "Ahsante kwa kuja, mwalimu. Ameshakwenda Tanga kutafuta vibarua." Hakurudi shuleni.

Msomaji ataniambia kwamba mwenye madaraka hawezi kungoja mpaka awe na hakika kamili. Ni kweli. Hata vijana wale hawakuwa na chombo kisicho na kelele. Walichotaka ni kujua kiasi cha kelele hizo kabla ya kuanza kazi. Mimi sikukosa kwa kuamua. Nilikosa kwa kuamua peke yangu, bila kumweka kando yangu mwalimu mwingine asikilize kesi ile ile, ili nijue lipi limetoka kwa mtoto na lipi limetoka katika hasira yangu.

Kelele za nje huondolewa kwa kuhama njia na mashine. Za ndani mtu huhama nazo. Hivyo nadhani anayepewa kuhukumu wengine ana wajibu wa kutafuta mwenzake wa kulinganishwa naye, na kumtafuta mapema, kabla adhabu haijatolewa. Mvulana yule, kama yu hai, sasa amepita miaka hamsini, na kosa lile bado ni langu.