Jina la Mfongo

Vitabu vya marejeo juu ya tamthilia za nyimbo vina desturi moja. Kila mchezo hupewa fungu lake: jina, mtunzi wa muziki, mtunzi wa maneno, ukumbi, siku ya kwanza ya kuonyeshwa. Ensaiklopidia ya Kurt Gänzl, iliyotoka mwaka 1994, inawahudumia hivyo wapenzi wa jukwaa, na anayetaka kujua nani alitunga nini huifunga ameridhika. Faida yake haina shaka. Lakini mchezo uliotungwa na wengi uandikwe kwa jina la nani?

Na utazamwe mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioonyeshwa Kamiriithu, karibu na Limuru, mwaka 1977. Jaladani yapo majina mawili, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Hata hivyo wanakijiji, wakulima na vibarua, ndio waliojenga jukwaa la wazi kwa mikono yao, wakasahihisha lugha ya wahusika, wakafundisha nyimbo na ngoma. Ngũgĩ wa Thiong'o mwenyewe alikuja kueleza kwamba sehemu ya Gĩtiiro, yenye nyimbo za mambo ya arusi, ilitamkwa neno kwa neno na mama mmoja wa kijijini asiyejua kusoma, nao wakaandika. Mama huyo jaladani hayumo.

Mtetezi wa vitabu hivi atasema kwamba jina si sifa tu, ni dhima pia. Ana hoja. Kibali cha maonyesho kilifutwa Novemba 1977, na mwisho wa Disemba aliyekamatwa na kuwekwa kizuizini takriban mwaka mzima alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Serikali ilijua jina la kulifuata. Lakini mwaka 1982 askari walilibomoa jukwaa lile, na hasara ikawa ya kijiji kizima. Wasiotajwa, basi, adhabu iliwafikia. Kilichowapita ni sifa. (Na washairi wa Pwani, waliozoea kujitaja katika beti za mwisho, wasicheke: shairi lao likishaimbwa kwenye taarabu, ni wangapi ukumbini wanaomkumbuka mtunzi?)

Mbali na kumbi hizo, juu ya mji wa Moshi, katika vihamba vya Uru na vya majirani zake wa Kilimanjaro, kadhia kama hii ilikwisha kuamuliwa zamani, ijapokuwa mali inayogombewa huko ni maji. Mfongo, yaani mfereji unaoteremsha maji ya mto hadi kwenye migomba na mibuni, kwa desturi huitwa kwa jina la aliyeuchimba au la ukoo wake, na ukoo huo ndio wenye kauli juu yake. Lakini jina peke yake halileti maji. Kingo huporomoka, majani huziba njia, na kila mwenye zamu hana budi kutoka na jembe siku ya kuzibua. Asiyetoka hutozwa faini au hukosa zamu. Hivyo mchimbaji hubaki na jina lake, na mzibuaji hubaki na haki yake, wala hakuna aliyeona kwamba moja linaifuta nyingine.

Bado ipo shaka, nayo ni nzito. Huenda mama wa Kamiriithu angekataa kuandikwa. Angesema wimbo aliupokea kwa waliomtangulia, kama ambavyo mchimba mfongo hawezi kudai kwamba aliyaumba maji. Kukataa huko kungestahili heshima kama kungetoka kinywani mwake. Kuamuliwa na mwandishi wa orodha ni jambo jingine kabisa. Atakayeandaa kitabu cha tamthilia za nyimbo za Afrika Mashariki, afikapo kwenye Ngaahika Ndeenda, ayaache majina mawili mahali pake, na chini yake aandike: Gĩtiiro, kutoka kwa mama mmoja wa Kamiriithu, nyimbo na ngoma, wanakijiji, jukwaa, hao hao.