Ndoa Isiende Upande



Nabii Amosi anatuachia swali ambalo kila nyumba yafaa ijiulize: watu wawili watasafirije pamoja kama hawajapatana? (Amosi 3:3). Leo tutalitafakari swali hilo mahali ambapo akina baba wengi humalizia Jumamosi yao, yaani chini ya gari. Msicheke. Bwana wetu alifundisha kwa mbegu, nyavu na chachu, vitu ambavyo wasikilizaji wake walivishika kila siku. Kwetu Namboboto, kati ya vilima vya Samia na Ziwa Victoria, pikapu ndiyo inayobeba mihogo, mchanga na omena za Sio Port hadi soko la Busia. Tujifunze basi kutoka kwa pikapu.

Nyuma ya pikapu nyingi kuna springi mbili za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Vyuma hivyo hushikwa pamoja na bolti moja ya katikati, ambayo mafundi huiita senta bolti. Kichwa chake huingia katika tundu dogo juu ya ekseli, na hivyo ekseli hujua mahali pake. Kisha yu-bolti hubana springi na ekseli pamoja. Yu-bolti zikilegea, mzigo huanza kuchezea senta bolti, hadi siku moja inakatika. Hapo upande mmoja wa ekseli hurudi nyuma kidogo, na gari linaanza kutembea kama kaa.

1. Dereva ndiye wa mwisho kuona

Jambo la ajabu ni kwamba dereva anaweza asijue. Yeye hukata usukani kidogo, akazoea, akadhani anakwenda sawa. Mwenye bodaboda anayemfuata ndiye anayeona kuwa bodi limeelekea kando. Tairi nazo zinaliwa upande mmoja.

Ndivyo ilivyo katika ndoa. Mume aliyeacha kula nyumbani na mke aliyeacha kusema lililo moyoni wameshazoea kukata usukani. Watoto, walio nyuma, wanaona. Basi mwenzako akikuambia, "Baba watoto, hatuendi sawa," usimjibu, "Wewe unajua nini kuhusu magari?" Huenda yeye amesimama mahali ambapo kasoro inaonekana vizuri kuliko pale ulipoketi.

2. Tafuteni kasoro ilipo

Wenye magari wengi wakiona tairi zinaliwa hukimbilia kunyoosha magurudumu ya mbele. Wanalipa, wanarudi, na gari bado linavuta. Kasoro iko nyuma, palipojificha matope.

Tuseme mume na mke wanagombana kila jioni juu ya pesa ya sukari. Je, sukari ndiyo shida? Mkiinama mkatazama, mtakuta kwamba miaka mitatu iliyopita mume alikopa pesa za kununua pikapu bila kumwambia mke, akaweka shamba rehani. Mke alisikia habari hiyo kisimani, kwa watu wengine. Senta bolti ilikatika siku ile. Mambo ya sukari ni tairi tu.

Mume huyo hawezi kuirekebisha nyumba yake kwa kuongeza pesa ya sukari. Ni lazima arudi pale bolti ilipokatikia: ataje deni, aonyeshe karatasi, aseme, "Nilikuficha, nisamehe." Tena ajue kwamba hata sheria ya Kenya ya 2013 kuhusu mali ya wanandoa hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila kibali cha maandishi cha wote wawili. Siri ya namna hiyo inaumiza moyo, na inaweza kuwaacha watoto bila makao.

3. Pimeni pande zote mbili

Fundi mwangalifu haamini macho yake. Hunyoosha usukani, huchukua utepe, hupima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma upande wa kushoto. Kisha hupima kulia. Vipimo vikitofautiana, anajua ekseli imehama, na imehama kwa kiasi gani.

Katika nyumba nyingi hupimwa upande mmoja tu, na ni upande wa mwenzake. Mke anahesabu usiku ambao mume alichelewa kurudi kutoka Busia. Hahesabu siku ambazo yeye alimpokea kwa kununa. Mume anahesabu shilingi zilizotoka. Hahesabu saa ambazo mke alikuwa shambani kabla ya jua kuchomoza. Utepe uwe mmoja kwa pande zote mbili.

Na ukibadilisha bolti, usiweke kipande chochote cha chuma kilichookotwa, wala usifunge kwa mpira ili ufike sokoni. Weka bolti ya kipimo chake. Zawadi ya leso si badala ya ukweli, na nyama ya Jumapili si badala ya kuomba msamaha. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa 2016 juu ya furaha ya upendo, alizipa familia maneno matatu ya kila siku: naomba, asante, samahani. Hizo ndizo bolti za kipimo chake.

4. Kazeni gari likiwa limebeba uzito wake

Kwenye ncha za springi kuna bushi za mpira. Ukizikaza kabisa wakati gari linaning'inia juu ya jeki, mpira unashikwa ukiwa katika hali isiyo yake. Gari likishuka, mpira unasokotwa, na baada ya muda unapasuka. Fundi anayejua huingiza bolti, huteremsha gari chini, kisha ndipo hukaza kwa nguvu.

Vivyo hivyo, msifanye maamuzi makubwa mkiwa mnaning'inia: usiku wa ugomvi, siku ya msiba, au saa ile ya furaha mnapotoka mafungo ya kiroho mkiahidiana mbingu. Wekeni nia, ndiyo. Lakini kazeni pale maisha yalipo: karo ya shule, mgonjwa, mama mkwe, deni. Ahadi inayostahimili mzigo huo itadumu. Tena yu-bolti hukazwa kidogo kidogo, huku na huku, si upande mmoja hadi mwisho. Na baada ya gari kufanya kazi siku moja au mbili, fundi hurudi na spana kukaza tena. Wenzi waliopatana Jumamosi waulizane tena Jumatano: "Bado tuko sawa?"

5. Usiingie chini ya gari lililo juu ya jeki peke yake

Hapa nasema kwa uzito wote. Jeki ni ya kuinulia tu. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, weka stendi imara chini ya chesi, usitumie matofali yanayovunjika. Kazi hii isifanywe na mtu aliye peke yake; awepo wa kushika tochi na wa kuita msaada. Na kama chesi yenyewe imepinda, funga vifaa, mwite fundi.

Kuna ndoa ambayo chesi yake imepinda. Mahali penye kupigwa, kutishwa au kunyimwa chakula, mke asiambiwe avumilie chini ya gari linaloanguka. Kwanza atoke, awe salama pamoja na watoto. Aende hospitali, aende polisi. Kenya ina sheria ya 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Padre na jumuiya ndogo ndogo wasimame naye. Kutafuta msaada si kuvunja sakramenti. Aliyeinua mkono ndiye aliyeanza kuivunja.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

Je, kuna jambo ambalo mwenzangu ameniambia mara nyingi nami nikalidharau?
Ugomvi wetu wa kila siku ulianzia wapi hasa?
Ni siri gani ya fedha ninayopaswa kuitaja wiki hii?

Kaeni pamoja jioni moja, redio ikiwa imezimwa na simu zimewekwa kando. Mtume Paulo anatuonya tusiliache jua lizame tukiwa bado na hasira (Waefeso 4:26). Anzeni kabla giza halijaingia. Hata bolti hutafutwa vizuri zaidi kukiwa na mwanga.

Familia Takatifu ya Nazareti, ambayo baba yake alikuwa fundi, iwaombee. Amina.