RAMADHANI 12: KAMERA YA KULINDIA GARI



Jana baada ya tarawehe ndugu yetu mmoja alinishika mkono pale kwenye viatu. Gari lake linalala nje kwa sababu uani hapaingii. Wiki iliyopita kaamka kula daku, kachungulia, vioo vya pembeni vyote viwili havipo. Akaniuliza: "Ustadhi, nikifunga kamera si nitakuwa nimepungukiwa na tawakkul? Na kama inafaa, ninunue ipi?"

La kwanza ni jepesi. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (rehema na amani zimshukie) kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali. Akaelekezwa amfunge, kisha ndiyo atawakali. Kaipokea Tirmidhi. Kamera, taa ya nje, kufuli la usukani, hata kuchora namba ya gari kwenye vioo, zote hizo ni kamba za ngamia. Funga.

La pili nalo nalijua kwa kuungua. Mwaka jana nilinunua ya bei chee, nikaiweka ndani, dirishani, nikiogopa mvua. Usiku kutazama: weupe mtupu! Kumbe vile vitaa vyake vya kuonea gizani vinagonga kioo cha dirisha na kurudi. Kwa hiyo nunua ya nje, iliyoandikwa IP65 au IP66. Usivutwe na ile inayoona mtaa mzima. Kadiri picha inavyotanuka ndivyo mtu aliye mbali anavyokuwa kama sisimizi. Kwa gari lililo hatua chache kutoka ukutani, megapikseli 4 zinatosha. Umeme ukikatika, kamera ya waya inalala pamoja na wewe, basi tafuta yenye betri na sola. Kadi yake ikijaa hufuta za zamani, hivyo likitokea jambo hifadhi mapema. Na neno la siri lililokuja nalo libadilishe siku hiyohiyo. Mengine muulize fundi, mimi mwalimu tu.

Ila kuna jambo fundi hatakwambia. Kamera yangu ya pili niliifunga juu ya mlango ikitazama gari. Siku ya nne jirani yangu, mama mjane, akatundika shuka kwenye kamba yake ya nguo, na shuka lile likawa halianuliwi. Sikuelewa. Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Yule mama anajisitiri na jicho lako." Nikafungua simu. Kweli, robo ya picha ni ua wake: jiko lake, ndoo zake, watu wake wakiwa katika hali ya nyumbani. Mara ngapi nimeitazama picha ile nikaona gari tu?

Imo katika Bukhari na Muslim kuwa mtu alichungulia kwenye tundu chumbani kwa Mtume, naye akakemewa vikali, akafundishwa kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Sasa mimi imamu nimetoboa tundu lisilofumba usiku wala mchana. Nilikwenda kumwomba radhi (na haya nayasimulia kwa ruhusa yake). Nikaigeuza kamera, na kipande kilichobaki nikakiziba kwa mraba mweusi kwenye programu yake. Kamera nyingi zina uwezo huo. Muulize muuzaji kabla hujatoa pesa. Sauti pia nimeizima. Shuka limeanuliwa.

Sasa ile video. Mnaijua, imezunguka kwenye magrupu wiki nzima: kijana wa wapiga daku anainama pembeni ya gari la ndugu yetu huyuhuyu, na chini yake maneno "mwizi kapatikana". Juzi mimi na mwenye kamera tumekaa tukaitazama tangu isha. Saa saba usiku anapita mtu aliyefunika uso, na vioo vinaondoka naye. Kijana anapita saa tisa kasoro, anainama, anaokota kijiti chake cha ngoma, anawakimbilia wenzake. Kilichosambazwa ni kile kipande cha kuinama, basi.

Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inakataza dhana, upelelezi na kusengenya kwa mpigo mmoja, na sisi tumevifanya vyote vitatu kwa kidole gumba, tena tumefunga. Kijana yule amesoma madrasa kwangu tangu akiwa na miaka saba. Hajaonekana msikitini tangu siku ile, na mama yake siku hizi anapita njia ya nyuma akienda sokoni.

Leo baada ya alasiri nakwenda kwao pamoja na mwenye kamera na mwenye gari. Aliyeisambaza akitaka kufuatana nasi, anikute mihrabuni. Wengine ifuteni, na kila mlikoipeleka pelekeni na maelezo haya. Kile kipande cha saa saba tumeshakikabidhi polisi, msikiombe kwenye grupu.

Darasa la wanawake leo litaanza saa kumi na moja badala ya saa kumi.

Wabillahi tawfiq.