Je, Kuchanganya Nyimbo Ni Kuharibu Urithi?

Kijana akiuchukua wimbo wa mababu na kuupiga kwa gitara, wazee hulalamika: «Ameharibu urithi wetu.» Kijana naye hujibu: «Mambo ya kale yamekwisha.» Ni nani mwenye haki? Tusifanye haraka kuhukumu. Tutazame kwanza mfano wa mtu mmoja.

Katika mji wa Napoli, nchi ya Italia, alizaliwa mwaka 1955 Pino Daniele, mwana wa mfanyakazi wa bandari. Wanapoli wana lugha yao ya nyumbani na nyimbo za kale wazipendazo sana. Pino alitunga na kuimba kwa lugha hiyo, lakini aliichanganya na bluzi na jazi ya watu weusi wa Marekani. Mwaka 1980 alitoa santuri iitwayo «Nero a metà», maana yake «Mweusi nusu». Mpiga saksofoni wake, James Senese, alizaliwa na mama Mnapoli na baba askari mweusi, Mmarekani aliyefika wakati wa vita. Basi, mchanganyiko ule ulikuwa umekwisha kuzaliwa mitaani kabla ya kuimbwa.

Na jazi yenyewe je? Ilizaliwa New Orleans, kati ya wajukuu wa watumwa. Mjini humo upo uwanja unaoitwa Uwanja wa Kongo, ambapo zamani watumwa walikusanyika siku ya Dominika kupiga ngoma. Kumbe, katika kitu tunachokiita cha wageni mna sauti ya mababu zetu!

Hata hivyo wazee hawasemi bure. Wimbo wa matanga ukichezwa penye pombe, jambo takatifu limedharauliwa. Na anayechanganya kwa sababu anaionea haya lugha ya mama yake, huyo hachanganyi, anatupa. Amri ya nne inamhusu.

Lakini yuko mwenye kosa jingine. Katika Injili, mtumishi aliyezika talenta aliirudisha nzima, wala haikupungua. Lakini bwana wake alimkemea. Urithi uliofukiwa hauchafuki, lakini hauzai.

Kwa hiyo tushike mambo mawili. Kwanza, mtu ajue vema cha kwake kabla ya kukiunganisha na cha mwingine. Pino aliijua Napoli. Ndiyo sababu alipokufa, Januari 2015, watu wa mji wake walimlilia kama ndugu. Pili, mtu akiri deni lake. Jina lile, «Mweusi nusu», ni ungamo: nimepokea kwa wengine.

Kanisa nalo limetembea katika njia hiyo. Mtakatifu Alfonso wa Liguori, askofu na mwalimu wa Kanisa, alitunga wimbo wa Noeli kwa Kinapoli, lugha ya maskini wa kwao. Kwetu Katanga, mwaka 1958, Padri Guido Haazen na waimbaji wa Kamina walianza kuimba «Missa Luba»: maneno ya Kilatini, sauti za Kongo. Nani atasema kwamba Misa iliharibika?

Basi, ee kijana, kabla hujashika gitara, kaa karibu na nyanya yako, umwombe akufundishe wimbo wake mzima, pamoja na maana yake. Nanyi wazee, fundisheni wangali wanauliza. Mkinyamaza, siku moja hapatakuwa na kitu cha kuharibu wala cha kuchanganya.